Mkono Kwanza, Nahau Baadaye

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya mkusanyiko wa walimu na wanafunzi wa Kiswahili. Nayaweka hapa yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakujaliwa kufika.

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, wanafunzi, ndugu zangu nyote, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie nahau za Kiswahili zilizojengwa kwa viungo vya mwili. Viungo ni vingi. Tukianzia kichwani, tukapita moyoni, tukashuka hadi unyayoni, jua litatuchwea hapa hapa. Basi nimechagua kiungo kimoja tu, mkono, na nina jambo moja tu la kuwaambia: nahau za mkono zilizaliwa na mikono iliyokuwa kazini. Ilikuwa inapima, inatoa, inapokea, inanawa, inazuia. Sisi walimu tunapozifundisha kama orodha ya kukariri tunaziondolea uhai, halafu tunashangaa kwa nini vijana hawazitumii.

Naomba kila mmoja anyooshe mkono wake mbele. Ndiyo, na nyinyi wazee wa safu ya mbele. Sasa niambieni: mkono wako unaanzia wapi na unaishia wapi?

Naona wengine wanagusa bega. Naona wengine wanaonyesha kiganja tu. Wote mko sawa! Kwa Kiswahili, kuanzia begani hadi kwenye ncha za vidole, chote ni mkono. Aliyevunjika juu ya kiwiko amevunjika mkono. Aliyekatwa na kisu kwenye kiganja amejikata mkono. Tunayo maneno ya sehemu zake, kiwiko, kifundo, kiganja, kitanga, lakini jina la jumla ni moja. Kiingereza hakiko hivyo. Mwingereza ana jina moja la sehemu ya juu na jina jingine la sehemu inayoshika, na kwake ni viungo viwili.

Je, sisi ndio wa ajabu au wao? Hakuna wa ajabu. Katika atlasi ya miundo ya lugha za dunia iliyochapishwa mwaka 2005, mwanaisimu Cecil Brown alilinganisha lugha 617. Lugha 228 zilikuwa kama yetu, neno moja kwa vyote viwili. Lugha 389 ziligawanya. Kilichomvutia ni ramani: lugha zenye neno moja zimejaa zaidi karibu na ikweta, na wagawaji wanazidi kadiri unavyoelekea kwenye baridi. Dhana yake ni kwamba penye baridi watu huvaa nguo za mikono mirefu, nguo inakata kiungo vipande viwili machoni, kilichofunikwa na kilicho wazi, na lugha inafuata. Naipenda dhana hiyo, ingawa si lazima iwe neno la mwisho. Sisi, hata nguo ilipokuja, hatukukigawa kiungo. Tuliipa nguo yenyewe mkono, tukasema mkono wa shati, mkono wa kanzu.

Kwa nini naanza na hili? Kwa sababu nahau ya mkono haieleweki mpaka ujue ni sehemu ipi ya mkono inayosema. Kuna nahau za kiganja. Kuna nahau za mkono mzima. Kuna nahau za ngumi. Mwanafunzi anayejua hilo hakariri tena, anaona.

Na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo, maana ndipo penye utajiri tunaoupoteza. Nazungumzia mkono kama kipimo.

Kabla ya rula na futi za chuma, mtu wa pwani alibeba vipimo vyake mwilini. Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu Unguja, alichapisha mwaka 1870 kitabu chake cha kuwafundisha wageni Kiswahili, na vipimo hivi vimo. Wanda, upana wa kidole kimoja. Shibiri, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, vidole vikiwa vimetanuliwa. Dhiraa, au mkono, kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole cha kati. Pima, mikono yote miwili ikinyooshwa huku na huku, kutoka ncha hadi ncha.

Hesabuni nami. Shibiri mbili ni mkono mmoja. Mikono minne ni pima moja. Mkono ni kama sentimita 46 hivi, kwa hiyo pima inakaribia mita 1.8. Sasa angalieni jambo zuri: mikono iliyonyooshwa huku na huku hukaribiana sana na kimo cha mwenyewe. Jaribuni mkifika nyumbani, ukutani, kwa chaki. Kwa maneno mengine, pima ni mtu mzima aliyelazwa. Na shuka, kipimo cha kitambaa cha misafara ya karne ya 19, ilikuwa mikono minne, na doti ilikuwa mikono minane. Misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Tabora na Ujiji ilibeba mizigo ya merikani, kitambaa cha pamba kilichoitwa hivyo kwa kuwa kilitoka Marekani, na njiani machifu walilipwa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa kitambaa kilichohesabiwa kwa mikono na doti. Mkono wa mtu ulikuwa sarafu yake.

Sasa swali: mkono wa nani?

Mnacheka, lakini hilo ndilo swali alilouliza kila mnunuzi. Mkono wa mrefu si sawa na mkono wa mfupi. Na zaidi ya hapo, palikuwa na dhiraa mbili. Palikuwa na dhiraa kamili, hadi ncha ya kidole, na palikuwa na dhiraa konde, kutoka kiwikoni hadi kwenye vifundo vya ngumi iliyofumbwa. Nyoosheni tena mkono. Sasa fumbeni ngumi. Mmeona kitambaa kilivyopungua? Kwenye kila mkono mnunuzi amepoteza karibu urefu wa vidole vyake. Kwenye doti moja, mara nane.

Wanafunzi, konde ni nini? Konde ni ngumi. Na sasa niambieni nahau mnayoijua yenye konde ndani yake. Naam! Kupiga moyo konde. Kitabu kinasema maana yake ni kujipa ujasiri. Sawa. Lakini uone mtu mwenye hofu anavyofumba vidole, anavyojipiga kifuani, anavyoondoka akaenda. Nimewaambia darasani wafanye hivyo kwa vitendo, na sijaona mwanafunzi aliyeifanya kwa mwili akaisahau. Neno mkono halimo ndani ya nahau hiyo hata mara moja, lakini mkono umo.

Kadhalika kushika tama. Kamusi itakwambia ni kuhuzunika, kujiinamia kwa mawazo. Tama ni shavu. Mtu amekaa, kiwiko juu ya goti, shavu limelala kiganjani. Wazee walimkataza mtoto kukaa hivyo, wakamwambia ni mkao wa msiba, asiuite. Hiyo ni picha iliyopewa jina, na mwalimu anayeitaja bila kukaa hivyo mbele ya darasa anatoa jina bila picha.

Ndugu zangu, neno dhiraa tumelipokea kutoka Kiarabu, na kwa Kiarabu ni mkono, ile sehemu ya kutoka kiwiko kwenda chini. Sisi tulikuwa na mkono wetu tayari, kwa hiyo tulichukua la kwao kwa kazi ya kupimia tu. Ukisoma Mwanzo sura ya 6 katika Biblia ya Kiswahili, safina ya Nuhu ni dhiraa mia tatu kwa urefu, hamsini kwa upana, thelathini kwenda juu. Ukizigeuza unapata karibu mita 137 za urefu. Mtoto akiambiwa mita, anaona namba. Akiambiwa dhiraa, anaweza kusimama uwanjani na kuanza kuipima safina kwa mkono wake mwenyewe. Nawaombeni mjaribu somo hilo hata mara moja.

Niende kwenye mkono unaotoa.

Kiswahili kina muundo mmoja mdogo ambao naona ni wa thamani kubwa: mkono wa, kisha jambo. Mkono wa pole. Mkono wa tanzia. Mkono wa heri. Mkono wa buriani. Mkono wa Idi. Hebu tuutazame huo wa mwisho. Asubuhi ya sikukuu, baada ya swala, watoto wamevaa nguo mpya, wanapita nyumba kwa nyumba. Wanaingia, wanasalimia, wanampa mkono babu, wanampa mkono shangazi, na kiganja kinaporudi hakirudi kitupu. Kuna sarafu au noti ndani yake. Ile fedha inaitwa mkono wa Idi. Mkono wa nani, wa babu au wa mtoto? Ni wa wote wawili, kwa sababu ni kitendo kimoja: salamu na zawadi zimepita katika mshiko ule ule.

Ukilielewa hilo, utaelewa kwa nini tunasema kutoa mkono wa pole. Kwenye msiba mtu hatoi maneno peke yake. Anashika mkono wa mfiwa, na mara nyingi ndani ya kiganja kuna chochote alichojaliwa, bila kuhesabiwa hadharani. Nahau imehifadhi ustaarabu mzima wa kumsaidia mtu bila kumuaibisha. Je, hilo liko kwenye orodha zetu? Orodha zinasema: mkono wa pole, rambirambi. Basi. Mstari unaofuata.

Na kuunga mkono? Hii ndiyo nahau ya mkono inayosikika zaidi kuliko zote, maana bungeni haipiti siku bila mtu kusema naunga mkono hoja. Tazameni sarufi yake, kwa sababu inasema kitu. Hatusemi tu naunga mkono. Tunasema namuunga mkono fulani. Anayeungwa ni mtu, na mkono ndio pahali pa kuungia. Mtu amenyoosha mkono wake kufanya jambo, mkono haujafika, na mimi naongeza wangu ufike. Anayeunga mkono anakubali kufanya sehemu ya kazi.

Historia inatupa mfano. Azimio la Arusha lilitangazwa mwezi wa Februari mwaka 1967. Watu wengi wa Tanzania, hasa vijana, waliamua kuliunga mkono, na waliungaje? Walitembea. Walitoka mikoani wakatembea mwendo wa siku nyingi. Kijana mmoja, Seth Benjamin, alifia njiani katika matembezi hayo. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere mwenyewe alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza. Nahau ya mkono ikatimizwa kwa miguu! Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya siasa ya Azimio, lakini hakuna atakayesema wale hawakujua maana ya kuunga mkono. Mimi nikisikia leo mtu anaunga mkono kwa asilimia mia moja, naye hajainuka hata kwenye kiti, nawakumbuka wale watembeaji.

Mfano wa pili ni wa juzi juzi. Tarehe 9 Machi 2018, jijini Nairobi, nje ya Harambee House, Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga walipeana mkono baada ya mvutano mkali wa uchaguzi wa 2017. Tendo lilikuwa la sekunde chache, lakini likabadilisha siasa za nchi kwa miaka, na likapata jina: handisheki. Magazeti ya Kiswahili yenyewe yaliandika handisheki. Wapo waliokasirika wakasema, kwani Kiswahili hakina neno? Kinalo, na ni kupeana mkono. Lakini kupeana mkono ni jambo la kila mtu kila asubuhi, na Wakenya walitaka jina la tukio lile moja. Silaumu. Ninachosikitikia ni kwamba muundo ulikuwepo mlangoni, ukingoja: mkono wa maridhiano. Ungekaa karibu na mkono wa heri na mkono wa pole kama ndugu yao. Haukuitwa, kwa sababu tumezoea kuziona nahau kama vitu vilivyokwisha kutengenezwa na wazee, si kama zana ambazo na sisi tunaruhusiwa kuzishika.

Sasa mkono usiotoa. Niliwahi kuuliza darasa: mkono wa birika ni nini? Mikono juu, wote: mchoyo, bahili! Nikauliza, kwa nini birika? Kimya. Msichana mmoja akajibu kwa heshima kabisa, "Mwalimu, ndivyo ilivyoandikwa." Hakukosea kitu. Ndivyo alivyofundishwa. Nikaomba birika la chai, nikaliweka mezani, nikasema litazameni tu. Baada ya muda kijana wa nyuma akasimama, akaweka mkono wake kiunoni, kiwiko nje. Darasa likalipuka. Mkono wa birika umepinda, umelirudia birika lenyewe, hata ufanye nini haunyooki. Mimi ndivyo ninavyoisoma picha hiyo, na vijana wale waliisoma wenyewe bila mimi kufungua mdomo.

Tangu hapo nahau jirani zake zote zikafunguka. Kukunjua mkono, kuwa mkarimu. Mkono wazi. Mkono mrefu, na hapo wakaonya wenyewe kwamba kuna urefu wa mwizi na kuna urefu wa serikali. Na mkono mtupu haulambwi: mkono uliotoka kwenye chakula una mafuta na ladha, mkono mtupu una nini cha kulamba? Methali hiyo ni kali, na sitaki tuilainishe. Inasema watu wengi hufuata penye kitu. Ni ukweli mchungu, na lugha isiyosema machungu haifai kulelea watoto.

Ile ya mkono usioweza kuukata, ubusu, nayo ina vitendo viwili vya wazi na umbali mdogo sana kati yake. Ukiinamia mkono wa mwenye nguvu, kichwa chini, hakuna anayejua moyoni una busu au una kisu. Nayapita haya haraka, maana mnayajua.

Nisisahau mkono na chakula. Kwa nini tunaita mkono wa kulia? Ni kitenzi kula kikiongezewa kiambishi cha kutendea: mkono wa kulia chakula. Wazee walisema pia mkono wa kuume, wa kiume, na katika Biblia ndio mkono wa kuume wa Mungu. Majina mawili ya upande ule ule, moja la nguvu na moja la sahani! Na kabla ya kula tunanawa. Hatuoshi mikono kama vyombo wala hatufui kama nguo, tunanawa, kitenzi chenye adabu yake cha mikono na uso. Basi mtu anayenawa anajiandaa kuingia kwenye jambo. Lakini Pilato, liwali aliyemtoa Yesu asulubiwe, alinawa mbele ya mkutano kwa nia ya kutoka kwenye jambo, na kwa njia hiyo kunawa mikono kukapata maana ya kujitoa lawamani. Nahau ile ile inaweza kuelekea mlangoni au mezani, na mwanafunzi atajuaje bila kuuliza ni nani ananawa, na kabla au baada ya nini?

Na msidhani chemchemi imekauka. Simu ilipotoka ukutani tuliiita simu ya mkononi. Hakuna kamati iliyomfundisha mchuuzi kusema hivyo. Mkono uliongeza kazi, lugha ikaongeza jina.

Walimu wenzangu, ombi langu ni dogo na mnaweza kulianza kesho. Mkitunga swali la nahau, msiishie kwenye "toa maana". Ongezeni: eleza mkono unafanya nini katika nahau hii, nani anaufanya, na nani yuko upande wa pili. Alama mbili zaidi, kazi mara kumi zaidi. Na nyinyi wanafunzi, likizo hii nendeni kwa watu ambao bado wanafanya kazi kwa vipimo vya mwili. Nendeni kwa mafundi wa majahazi. Nendeni kwa wasusi wa mikeka wanaohesabu ukili kwa pima. Nendeni kwa mama anayepima nafaka kwa ukufi, kiganja kikiwa wazi, na kwa konzi, kiganja kikiwa kimefumbwa. Waombeni wawaonyeshe kwanza, waseme baadaye. Andikeni tarehe, mahali, na neno kama lilivyotamkwa, hata kama halimo kwenye kamusi yoyote. Hasa kama halimo. Mkirudi, tutaanza na dhiraa konde, maana wanaoijua kwa kuitumia sasa ni wazee, na kila mwaka wanapungua.